Daktari bingwa, miongozo ya kituo cha afya unayo kwenye simu?

Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, na leo naliandika lote kwa sababu wenzangu mabingwa wananiuliza sana "wewe dokta unatumia nini pale mgonjwa anapokuja na kitu kisicho chako", na kila siku najibu mtu mmoja mmoja WhatsApp mpaka nachoka. Mie ni daktari wa mifupa, kazi yangu iko hapa Pemba, na ninavoona mie ni hivi: sisi mabingwa tunahitaji vitabu vya huduma ya msingi viwe karibu yetu kuliko hata vitabu vya fani zetu wenyewe, na khasa viwe vile vile anavyotumia nesi na tabibu wa kituo cha afya kule kijijini. Si vyengine vikubwa zaidi, ni vile vile.

Kwa nini nasema hivo. Pemba sensa ya 2022 imehesabu zaidi ya watu laki tano, mabingwa ni wachache, na mgonjwa akija kliniki kwangu haji na goti peke yake, anakuja na presha yake, na sukari yake, na mimba, na mtoto mgongoni ana kikohozi. Kwenye vitabu vya Ulaya imeandikwa "mrudishe kwa daktari wake wa familia". Daktari wa familia yupi? Mgonjwa wangu alonaye ni kituo cha afya cha shehia, na pale kituoni kuna nesi mmoja au wawili na tabibu, na makabati ya dawa yanayojuulikana yana nini na hayana nini. Kwa hiyo kama sijui nini kinafanyika pale, nitakachoandika mimi kwenye karatasi yangu kitamrudia mgonjwa kikiwa hakina maana.

Na mtaani ndo zaidi. Ukishajuulikana wewe ni dokta basi hakuna anokuuliza bingwa wa nini. Bi mkubwa wa nyumba ya pili atakugongea alfajiri, "Dokta mwanangu, njoo muangalie mjukuu wangu tangu jana usiku hataki ziwa". Hapo kitabu changu cha mivunjiko ya nyonga hakisaidii kitu. Kinachosaidia ni kujua kwamba mtoto asoweza kunyonya au kunywa, au anotapika kila kitu, au alopata degedege, au alolegea hashtuki, huyo ana dalili ya hatari na anakwenda spitali sasa hivi, si kesho. Hayo yako kwenye mwongozo wa IMCI, wa kutibu watoto wadogo wagonjwa, wa WHO na UNICEF wa tangu miaka ya 90, kila nesi wa kituo anaujua, na mabingwa wengi tuliusoma tukiwa wanafunzi ukatutoka. Mtoto wa miezi 2 mpaka mwaka, ukihesabu pumzi dakika nzima ametulia ukapata 50 au zaidi, anapumua kwa kasi. Wa mwaka 1 mpaka 5, ni 40 au zaidi. Huhitaji kifaa chochote zaidi ya saa ya mkononi.

Kitu cha pili ambacho watu hawakioni ni jinsi vitabu vyenyewe vilivopangwa. Kitabu cha bingwa kinaanza na jina la ugonjwa, fungua sura ya ugonjwa fulani, soma chanzo, soma vipimo, soma matibabu. Kitabu cha huduma ya msingi kinaanza na anachosema mgonjwa: nachoka, kichwa kinauma, mgongo unauma, natoka uchafu. Ile PACK, mwongozo wa huduma ya msingi wa watu wa Chuo Kikuu cha Cape Town, imepangwa hivo yote, unaingia kwa malalamiko, swali la kwanza daima ni je kuna kitu cha dharura hapa, halafu ndo unashuka chini. Sasa mie nikiwa kwenye fani yangu najua jina la ugonjwa kabla hata mgonjwa hajakaa, lakini nje ya fani yangu sina jina, nina malalamiko tu, sawa sawa na tabibu wa kituo. Kwa hiyo kitabu kinachoanza na malalamiko ndo kinanifaa pale ambapo sijui. Jambo dogo hili lakini limenibadilishia namna ya kuchagua nini niweke kwenye simu.

Ngoja niwape mfano mmoja kwa urefu, nimebadilisha vitu vidogo vidogo asijulikane.

Alikuja bi mmoja wa makamo kutoka upande wa Konde, magoti yote mawili yanamuuma miaka, akikaa kwenye mbuzi kukuna nazi kuinuka ni kazi, kusali anasalia kitini. Kaja na eksirei yake, usagikaji wa kawaida wa umri, hakuna la kushangaza. Nilipomwambia nionyeshe dawa unazokunywa akafungua kifuko cha kitambaa akamimina mezani. Mie nazipanga moja moja kila mara, hili nawaomba wote mfanye, usiulize "unakunywa dawa gani" mwambie azitoe. Kulikuwa na diklofenaki za vidonge anakunywa mara mbili kwa siku, kapewa mahali, miezi sasa. Kulikuwa na lisinoprili ya presha. Kulikuwa na haidroklorothiazidi, nayo ya presha, ya kukojoza. Na glukosamini, kirutubisho cha viungo, ya kopo kubwa ambayo mwanawe kamnunulia kwa pesa nyingi.

Hizo tatu za mwanzo zikikutana kwenye mwili mmoja, figo ndo zinalipa. Dawa ya kukojoza inapunguza maji, lisinoprili inalegeza mshipa wa kutokea kwenye chujio la figo, diklofenaki inabana ule wa kuingilia, basi figo inakosa msukumo wa damu. Na juu ya hayo diklofenaki inapandisha presha yenyewe na kuzifanya zile dawa za presha zisifanye kazi vizuri, kwa hiyo kituoni wanaona presha haishuki wanaongeza dozi, na huku sababu iko kwenye goti. Hapa bingwa wa mifupa na nesi wa kituo wanamtibu mtu mmoja na kila mmoja anamharibia mwenzake bila kujua. Ndo maana nasema vitabu viwe vya pamoja.

Presha yake ilipimwa pale mlangoni ikatoka 168 kwa 102. Lakini alikuwa ameshuka gari ya shamba sasa hivi, kapanda ngazi, na wakati anapimwa anazungumza na mwenzake. Ule mpango wa HEARTS wa WHO wa moyo na presha uliotoka 2016 umeeleza upimaji kwa picha, na mie nimeuchapisha ukurasa ule nimeubandika ukutani: akae dakika 5 ametulia, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini asikunje nne, mkono umewekwa juu ya kitu usawa wa moyo, mkanda unaoenea mkono wake, kibofu kitupu, asizungumze, wewe mpimaji nawe usizungumze. Tukampima hivo, tukarudia, 150 kwa 90. Bado iko juu, lakini ni hadithi nyengine kabisa na ile ya mlangoni. Kriatinini, kipimo cha damu cha kuonyesha figo zikoje, tulipoipima imepanda. Diklofenaki ikasimama siku ile ile.

Sasa goti. Mwongozo wa Uingereza wa NICE wa 2022 kuhusu usagikaji wa viungo umeweka mazoezi mbele ya kila kitu, na kupunguza uzito kwa mwenye uzito mkubwa, halafu kwa goti dawa ya kupaka kabla ya ya kumeza, na umesema wazi glukosamini isipewe mtu. Nikamweleza yule bi na mwanawe alokuja naye, kwa upole, kwamba lile kopo pesa zake bora wanunue jeli ya kupaka. Nikamuonyesha kunyoosha mguu akiwa kitini akahesabu pole pole, na kuinuka na kukaa bila ya kushika, akafanya pale pale mbele yangu. Na mbuzi ya kukunia iwekwe juu ya meza ndogo akune amekaa kitini, ipo ya namna ya kufunga kwa parafujo, mafundi wanatengeneza.

Hakuna hata kimoja hapo kilichotoka kwenye kitabu cha upasuaji.

Narudi kwenye vitabu vyenyewe. Cha kwanza kabisa ni orodha ya dawa muhimu na mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya Zanzibar. Nasisitiza wa Zanzibar, kwa sababu afya si jambo la Muungano, na madaktari wengi tumesomea Bara tukaja na ule mwongozo mzito wa Tanzania Bara, toleo la 2021, ambao ni mzuri sana na mie ninao, lakini mahali fulani fulani hauendi sawa na hapa. Mfano mzuri ni malaria. Zanzibar iliacha klorokwini 2003 ikachukua atesuneti pamoja na amodiakwini, Bara wao wakaja kuingia ALu (artemetha na lumefantrini) 2006. Intani, daktari alioko mafunzoni, katoka Bara juzi anaandika ALu kwa mkono mwepesi, halafu mgonjwa anafika kituoni kwao anaambiwa hii hatuna. Na la pili la malaria, hapa kwetu maambukizo yameshuka chini ya asilimia 1, kwa hiyo mgonjwa wa wodini kwangu alopasuliwa mguu akapata homa, kumwandikia dawa ya malaria bila ya kumpima ni kumchelewesha, tafuta kidonda, tafuta mkojo, tafuta kifua, na kipimo cha malaria kifanywe vile vile kabla ya dawa. Mwongozo wa kituo unasema pima kwanza. Nesi anaufuata huo kuliko sisi.

Halafu kuna kitu ambacho kila daktari wa Pemba anatakiwa akijue kwa moyo na nashangaa hakizungumzwi. Hapa hapa Pemba watoto zaidi ya 20,000 wa umri mdogo waliingizwa kwenye utafiti wa kuwapa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku, Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri ilioko Chake Chake ilikuwamo kwenye kazi ile. Kila mtu alitarajia watoto watanenepa na damu itapanda. Ikaonekana waliopewa chuma wana hatari ya kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkubwa zaidi kwa asilimia 12, wakati ule malaria ilikuwa bado nyingi, na sehemu ile ya chuma ikasimamishwa. Yakachapishwa kwenye Lancet 2006. Na wale watoto waliokuwa kweli wana upungufu wa chuma na wakawa wanafuatiliwa na kutibiwa malaria wao walifaidika. Ushauri wa dunia nzima ukabadilika kwa sababu ya watoto wa kisiwa hichi, leo WHO inasema penye malaria chuma kiende pamoja na kuzuia, kupima na kutibu malaria. Sasa mie nikiona mpasuaji mwenzangu anaandika siropu ya chuma kwa kila mtoto alopauka baada ya operesheni, namwambia kaka, hebu pima kwanza, hili watu wetu wamelilipia.

Antibayotiki. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. WHO imetoa 2022 kitabu cha AWaRe, cha bure, kina maambukizi zaidi ya 30, kwa kila moja kinakwambia je inahitaji antibayotiki au haihitaji, ipi, dozi gani, siku ngapi, mtu mzima na mtoto. Dawa zimegawiwa makundi, la kwanza la kutumia kwa kawaida kama amoksilini na sefazolini, la pili la kuangaliwa kama seftriaksoni, siprofloksasini na azithromaisini, la tatu la kuwekwa akiba. Mafua na kikohozi cha kawaida: hakuna antibayotiki. Koo nyingi: hakuna. Mabingwa tunadhani haya ni ya kuwafundisha watu wa vituo wakati seftriaksoni nyingi inamwagwa kwenye wodi zetu sisi. Mgonjwa wa plate ya mguu, yaani chuma cha kuunga mfupa, dawa ya kukinga anapewa kabla ya kisu, na mwongozo wa WHO wa 2016 wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji unasema isiendelezwe baada ya operesheni kumalizika. Lakini mtu anaandikiwa siku tano za sindano "kwa usalama". Usalama wa nani? Yule mgonjwa akirudi kijijini kwao na wadudu waliozoea seftriaksoni, kituo cha afya hakina kitu cha juu zaidi ya hapo cha kumpa.

Kuna jengine ambalo wanaume wengi wa fani yangu hawaliulizi kabisa. Dada wa miaka 30 anakuja kupangiwa operesheni kubwa ya paja, atalala muda mrefu kitandani. Umemuuliza anatumia njia gani ya uzazi wa mpango? Kile kitabu cha WHO cha vigezo vya njia za uzazi wa mpango, toleo la tano la 2015, kinagawa daraja 1 mpaka 4, na vidonge vya mchanganyiko (vya homoni mbili) kwa mtu wa upasuaji mkubwa atakaelazwa bila ya kutembea ni daraja la 4, yaani asitumie, kwa ajili ya damu kuganda. Sindano na kijiti ni daraja la 2, vinaweza kuendelea. Na mwenye presha 160 kwa 100 au zaidi, vidonge hivyo pia ni 4. Hapa unahitaji kuuliza kwa adabu zake, mtoe mume au mama mkwe nje kidogo, muache nesi wa kike aulize kama ndo atakuwa huru zaidi. Lakini swali liulizwe. Kuna duara la karatasi la vigezo hivyo, la kuzungusha, wakunga wa vituo wengi wanalo, mie langu nimepewa na mkunga na nalithamini.

Sukari nitapita haraka kwa sababu wengi mnaijua. WHO PEN, mwongozo wa magonjwa yasiyoambukiza kwa vituo vya msingi, toleo la 2020, ina ukurasa wa mguu, vua viatu vyote viwili uangalie mpaka katikati ya vidole. Na sisi wa mifupa tukumbuke tukichoma sindano ya steroidi kwenye kiungo sukari inapanda siku kadhaa, basi mwambie mgonjwa na uandikie kituo chake, la sivyo nesi ataona sukari 18 atadhani mtu hali kwa nidhamu, ataanza kumgombeza bure mtu wa watu.

La akili. Kila msimu wa karafuu tunapokea vijana walioanguka kwenye mkarafuu, na wengine uti wa mgongo ushavunjika na miguu haifanyi kazi tena. Tunawaweka sawa mifupa, tunafundisha familia kuwageuza wasipate vidonda, katheta, yote. Baada ya miezi kijana hazungumzi, hali, anageukia ukuta, na sisi tunaandika "anaendelea vizuri". Mwongozo wa mhGAP wa WHO, toleo la pili la 2016, umeandikwa kwa ajili ya watu wasio mabingwa wa akili, na kwenye jambo hili mie si bingwa, kwa hiyo umeandikwa kwa ajili yangu. Unakwambia angalia wiki mbili za huzuni au kukosa hamu ya vitu alivyokuwa akivipenda, na unakwambia muulize mtu waziwazi kama anafikiria kujidhuru, kuuliza hakumtii mtu fikra hiyo. Mwanzo ulimi wangu ulikuwa mzito sana kuuliza hivo kwa kijana wa Kipemba mbele ya baba yake anayevuta uradi. Sasa namuomba mzee atupishe kidogo, nakaa kitandani sisimami, nauliza. Karibu wote wanajibu. Wengine wanalia, na ile ndo mara ya kwanza kulia tangu waanguke.

Sasa vitendo, kwa sababu mtu atasema dokta vitabu vyote hivyo nitavibeba wapi. Kwenye simu, na chagua vichache. Mie ninavyo hivi: mwongozo na orodha ya dawa ya Zanzibar, ule wa MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) wa matibabu ya jumla ambao ni bure na programu yake inafanya kazi bila ya bando, AWaRe, kile kitabu kidogo cha WHO cha watoto waliolazwa cha 2013, mhGAP, na BNF, kitabu cha dawa cha Uingereza, ya kuangalia dawa ipi inagombana na ipi. Vyengine vyote nikihitaji ndo natafuta. UpToDate, ile ya mtandaoni ya kusoma magonjwa na tiba, ni nzuri sana kwa kusoma kwa kina, na kuna mpango wa kuomba bure kwa madaktari wanaohudumia watu wasio na uwezo, na majarida mengi yanafunguka kupitia Hinari ya WHO iliopo tangu 2002 kama taasisi yako imejisajili. Lakini hizo ni za jioni ukiwa umekaa. Kliniki ina watu sitini kwenye benchi huwezi kusoma kurasa ishirini zinazokwambia agiza MRI.

Pakua ukiwa penye mtandao mzuri, weka kwenye ukurasa wa mwanzo wa simu pale penye WhatsApp, na angalia mwaka uliochapishwa, toleo la zamani lifute kabisa usiliache. Zile PDF zinazorushwa kwenye magrupu hazina ganda wala tarehe msizitumie, nimeona dozi za watoto zinazunguka ambazo zimekatwa kwenye jadweli nusu, uzito hauonekani. Na hizi programu za akili mnemba vijana wetu wanazitumia sana, zinajibu haraka na kwa maneno mazuri, lakini haziyajui makabati ya kituo cha Kengeja, na dozi yoyote waliyoipata huko waihakikishe kwenye kitabu kabla ya kuandika. Mie nimewaambia hivo intani wangu na wanafuata.

Cha mwisho, na kwangu hichi ndo kikubwa kuliko vyote, ni barua ya kurudi. Mgonjwa anakuja na barua ya rufaa kutoka kituoni, kaandika tabibu kwa mkono, mara nyingi vizuri sana, na anarudi mikono mitupu. Barua ya kurudi inachukua dakika tatu. Ya yule bi wa Konde niliandika hivi, karibu neno kwa neno:

"Mwenzangu, asante kwa kumleta. Magoti ni usagikaji, hahitaji operesheni sasa. Tumesimamisha diklofenaki, asipewe tena wala ibuprofeni, figo zimeguswa. Tumesimamisha na dawa ya kukojoza mpaka tupime tena. Lisinoprili tumeipumzisha kwa sasa, amepewa amlodipini 5 mg kwa siku, naamini mnayo. Presha mpimeni kila wiki akiwa amekaa dakika 5, mkiona 160 kwa 100 au zaidi nipigieni. Wiki mbili arudi kwetu kwa kriatinini. Mazoezi ameonyeshwa, mwambieni awaonyeshe."

Amlodipini niliichagua kwa sababu iko kwenye orodha na haigusi figo, na kabla ya kuiandika nilipiga simu kituoni kuuliza kama kweli ipo kabatini. Ilikuwepo. Wiki mbili akarudi na daftari la shule lililopigwa mistari kwa rula, tarehe, presha, saini ya nesi, na chini kabisa kaandika "mazoezi ameyaonyesha, la kuinuka anashika meza bado". Kriatinini ikawa imeshuka. Yule nesi sikuwahi kumuona kwa macho mpaka leo lakini tunapigiana, na juzi ndo yeye alonikumbusha kwamba amlodipini inavimbisha miguu kwa baadhi ya watu na nisije nikaagiza vipimo vya mishipa bure.

Ukurasa wa kupima presha na nakala tupu ya barua ya kurudi nimevitengeneza kwa Kiswahili, karatasi moja mbele na nyuma. Alioko Unguja au Pemba akitaka anitumie ujumbe nimrushie. Na mwenye toleo jipya kabisa la orodha ya dawa ya Zanzibar tafadhali naye anirushie, langu nataka kuhakikisha halijapitwa.